Prosesa ya Lari Ishirini

Kompyuta aliyoniachia Malkhazi
ni ya bei ya kutupa, ya mkopo, ya dukani hapa Kutaisi.
Mwaka wa tisa sasa. Bawaba moja imekufa,
naifungua kwa mikono miwili
kama kabati la marehemu.
Nikiiwasha, naenda kuinjika birika.
Chai huchemka, nainywa, nasuuza kikombe,
nayo ingali inazungusha kiduara chake cha buluu
kama mtu aliyeulizwa deni.

Jumapili hupiga simu kutoka Radom.
Uso wake huja vipande vipande:
jicho, shavu, mraba wa kijivu,
mdomo umefumba na sauti inaendelea,
"Nipo, Mama, nipo salama,"
nami fundi cherehani, niliyezoea viraka,
namuunga kichwani mwangu mtoto mzima.

Gocha wa ghorofa ya tatu,
aliyefunga injini za malori hadi kiwanda kikafungwa chenyewe,
aliitegea feni sikio, akasema:
"Rahisi huvunja upishi, Darejani,
lakini chungu hiki hakijatoboka.
Moyo wake una chumba kimoja.
Tuutafutie wenye viwili."

Ijumaa akaja na kiberiti.
Ndani, juu ya pamba,
kipande cha kijani kisichozidi stempu,
kimeng'olewa kwenye kompyuta iliyomwagikiwa divai.
Lari ishirini.
Nilitaka kulia bei. Nikakigeuza,
nikaona zile pini, nyingi kuliko sindano zangu za maisha yote,
nikafungua pochi.

Tulitandika kitambaa changu cha kukatia nguo.
Betri kwanza. Kibodi ikanyanyuka kama ngozi ya kidonda kilichopona,
utepe wake mwembamba Gocha akauvuta kwa kucha,
ameshika pumzi.
Feni. Bomba la shaba.
Dawa ya joto imekauka, ugaga mtupu.
Hatukuwa na spiriti,
nikatoa chacha ya zabibu, ile kali ya msibani:
tone kwa kompyuta,
tone kwa fundi.

Nusu mzunguko wa bisibisi, soketi ikaachia.
Prosesa ya zamani ikatoka bila kung'ang'ania,
miaka tisa, haikuaga.
"Pembetatu ya dhahabu ifuate pembe yake," alinong'ona,
"na usibonyeze. Ikipata pake itaingia yenyewe."
Ikaingia.
Juu yake dawa mpya, punje moja, ndogo kuliko mchele.

Tulipofunga, skrubu moja ilibaki.
Tukatazamana.
Nikaitia kwenye kopo la vifungo,
pamoja na vingine visivyo na koti.

Mara ya kwanza, giza.
Mara ya pili, giza na ngurumo ya feni.
Gocha akatukana kwa lugha ya kiwandani,
akachomoa kadi ya kumbukumbu, akaipuliza, akairudisha.
Mara ya tatu nilikuwa naelekea jikoni kwa birika
akaniita nirudi.
Imeshawaka. Inanisubiri mimi.

Jumapili ikalia.
Malkhazi mzima! Ndevu, kola iliyochakaa
(nikaiona, nikaipima kwa macho),
ukuta wenye ukungu, kalenda ya kiwanda cha mbao.
Akacheka, nikaona kicheko kikianzia jichoni
kabla hakijafika mdomoni.
"Leo unanionaje, Mama?"
"Vizuri," nikasema. "Vizuri mno."
Akainua mkono kujikuna sikio.

Akaushusha upesi.
Zamani ungekuwa mraba wa kijivu.
Zamani angepata nafasi.

"Lini?"
"Februari."
Tulikuwa Juni. Nilizihesabu Jumapili zote,
kila "nipo salama" na viraka vyake.
"Viwili tu, Mama. Wa kushoto."

Feni ilinipulizia joto kifundoni.
Nikamwambia ausogeze karibu na kioo.
Akasita, akausogeza.
Picha haikukatika hata mara moja.